Tani 36 juu ya barafu: kazi za dereva ambazo hazisubiri

Dereva anayeingia msimu wake wa kwanza wa theluji Marekani akiwa na lori la ekseli tano huogopa utelezi kuliko kitu kingine chochote. Ana haki ya kuogopa. Ila kinachowaangusha wengi ni kuchelewa. Dawa ya dizeli inamiminwa dizeli ikiwa imeshaganda. Cheni zinafungwa katikati ya mlima wakati eneo la kuzifungia liko chini kabisa. Breki zinafungwa kwa ajili ya kulala zikiwa bado zimelowa. Uamuzi wa kusimama unafanywa saa ambayo barabara imefungwa na maegesho yote yamejaa. Karibu kila kazi ya majira ya baridi ina wakati wake, na wakati huo hupita kabla dalili yoyote haijaonekana. Nitaifuata safari kwa mpangilio wake, tangu kupakia hadi kushusha, kwa sababu makosa nayo hufuatana hivyo hivyo.

Anza na mizani. Sheria ya shirikisho inaruhusu jumla ya pauni 80,000, yaani tani 36 na kidogo. Ekseli pacha za kichwa zinazoendesha haziruhusiwi kuzidi pauni 34,000, na pacha za tela vivyo hivyo. Kiangazi, dereva akishapita mizani hana haja ya kufikiria tena. Kwenye barafu mgawanyo wa uzito ndio mshiko wako. Ekseli za kuendesha zenye pauni 33,000 zitaondoka mahali ambapo zenye 28,000 zitazunguka bure. Ukisogeza ekseli za tela kwenda nyuma, uzito unahamia kwenye kichwa. Tundu moja la reli huhamisha takriban pauni 250 hadi 400 kulingana na nafasi kati ya matundu. Fanya hivyo ukiwa bado kwa mpakiaji, kabla pini zinazofunga ekseli kwenye reli hazijajaa tope la theluji na chumvi. Pini ikishaganda, utaigonga nyundo saa nzima chini ya tela ukiwa umelala kwenye maji.

Usipakie hadi pauni ya mwisho. Theluji hulala juu ya paa la tela, barafu hushika fremu na vikinga tope, na uzito huo unaupata njiani bila kulipwa. Ukitoka na 79,900, mizani inayofuata inaweza kukudai faini ya kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Barafu ya paani ina hatari nyingine: ikiruka kwa bapa zima inaweza kuvunja kioo cha gari la nyuma. Majimbo kama New Jersey na Pennsylvania yana sheria za kuiondoa, lakini hata pasipo na sheria, tumia fremu ya kukwangulia paa kama uwanja unayo.

Kwa mzigo wa wazi kama vyuma, mabomba au mashine, safisha sakafu ya tela kwanza. Barafu nyembamba kati ya chuma na mbao huondoa msuguano wote ambao mikanda ilikuwa inautegemea. Jumla ya uwezo wa mikanda au minyororo lazima ifike angalau nusu ya uzito wa mzigo, na sheria inataka uukague ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila maili 150 au kila saa 3, lolote litangulie. Wakati wa baridi, ukaguzi wa kwanza ndio wenye kazi nyingi zaidi, kwa sababu barafu iliyokuwa chini ya mkanda inakuwa imepondeka au imeyeyuka na mkanda umelegea. Na kama ni mzigo uliozidi vipimo, soma kibali chako mstari kwa mstari. Kwa kawaida vibali hivyo vinakataza kutembea barabara ikiwa na utelezi au ukungu mzito, na anayesimamishwa na polisi ni dereva, wala si ofisi iliyomwambia aendelee.

Sasa dizeli, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Dizeli ya kawaida, namba 2, ina nta ndani yake. Baridi ikishuka nta hiyo huanza kujitenga, mafuta yanakuwa na ukungu, kisha nta inaziba filta. Kiwango cha joto hutofautiana kulingana na mafuta yenyewe, lakini ukikaribia nyuzi 10 chini ya sifuri uwe umeshachukua hatua. Mtego mkubwa uko kwenye mafuta ya kusini. Ukijaza matanki mawili Texas na kupanda kaskazini bila kusimama, utafika Dakota Kaskazini ukiwa na mafuta ambayo hayakuchanganywa kwa ajili ya baridi ile. Panga ufike eneo la baridi matanki yakiwa yamepungua, ujaze mafuta ya huko yaliyochanganywa na namba 1, ambayo huganda kwenye baridi kali zaidi. Namba 1 ni ghali zaidi na ina nishati kidogo, kwa hiyo lori litakula zaidi. Hesabu hilo mapema ili lisikushtue.

Dawa ya kuzuia kuganda humiminwa kwanza, kisha mafuta juu yake, ili mtiririko wa pampu uichanganye. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa kwa kila galoni, usikisie. Dawa hiyo inafanya kazi tu mafuta yakiwa bado hayajaingia ukungu, na haina uwezo wa kuyeyusha nta iliyokwisha kujitenga. Injini ikianza kukosa nguvu mlimani, ikipanda na kushuka mzunguko kisha ikazimika, unahitaji dawa ya aina nyingine, ile ya kuyeyusha. Utaratibu ni huu: toa filta ya dizeli iliyoziba, jaza filta mpya kwa mafuta safi yaliyochanganywa na dawa ya kuyeyusha, mimina iliyobaki kwenye matanki, subiri, kisha washa. Ndiyo maana filta mbili za akiba na spana yake ya kufungulia hukaa ndani ya kabini. Asiye navyo humwita fundi wa barabarani na kulipa kwa saa, kuanzia fundi anapotoka karakana. Usipulizie etha kwenye injini yenye hita ya hewa, inaweza kulipuka.

Kila asubuhi mwaga maji kwenye kitenganishi cha maji na mafuta. Ukishajaza mafuta ya eneo la baridi, matanki yasishuke chini ya nusu, kwa sababu mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yana joto na yanasaidia yaliyobaki, na pia barabara ikifungwa usiku kucha utahitaji kuiacha injini ikiunguruma. Kumbuka tu kwamba galoni moja ya dizeli ina uzito wa takriban kilo 3.2. Galoni 100 ni pauni 700, na hizo zinahesabiwa mizani.

Kimiminika cha DEF, kinachosafisha moshi wa injini, huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Hilo lisikuogopeshe: lori limetengenezwa liwake DEF ikiwa imeganda, na joto la injini litaiyeyusha. Usimwage maji ya moto wala dawa yoyote kwenye tanki lake, na usilijaze hadi mdomoni, maana DEF inapoganda hutanuka na kupasua tanki.

Betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa sehemu tu ya nguvu zake, na saa hiyo hiyo oili imekuwa nzito. Penye umeme, chomeka hita ya injini saa chache kabla ya kuondoka. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huhimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Pima kwa kipimo chake, kwa maana rangi haikuambii kitu.

Breki za upepo zina adui mmoja, naye ni maji. Kompresa huvuta hewa yenye unyevu, kikaushio cha hewa hunasa unyevu huo, na katriji yake ikichoka maji hupita hadi kwenye matanki na valvu. Badilisha katriji kabla ya msimu kuanza. Mwaga matanki ya upepo kila siku na uangalie kinachotoka: maji matupu ni ishara ya kikaushio kuchoka, maji yenye oili ni ishara ya kompresa. Wapo wanaomimina pombe ya methanoli kwenye mabomba kila wiki kama kinga. Siungi mkono. Inakausha mipira ya ndani ya valvu, na utakuja kulipa kwa uvujaji. Iwe ni dharura ya kukutoa ulipo hadi karakana, basi.

Tairi lililojazwa psi 100 kwenye gereji yenye nyuzi 20 litasoma karibu 85 huko nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, bila kuwa na tundu lolote. Pima likiwa baridi, kwa geji, kila unapobadilisha hali ya hewa. Sheria inataka kashata za matairi ya mbele ziwe na kina cha angalau milimita 3.2 na za kwingine 1.6. Kwa maoni yangu, vipimo hivyo ni vya barabara kavu. Matairi ya kuendesha yanayokaribia kipara hayana kazi kwenye theluji hata kama yamepita ukaguzi.

Ukiwa barabarani, jambo la kwanza ni kuzima kidhibiti cha mwendo (cruise control), kile kinachoshikilia kasi bila mguu wako. Ekseli za kuendesha zikiteleza, mfumo huo unaweza kuongeza mafuta wakati wewe ungeyapunguza. Breki ya injini nayo ina hatari yake: inakamata ekseli za kuendesha peke yake. Kwenye barafu ekseli hizo hupunguza mwendo ghafla, tela lenye tani zake linaendelea kusukuma, na kichwa kinageuka ubavu. Kwenye theluji iliyoshindiliwa inaweza kutumika katika kiwango cha chini kabisa ukiwa umenyooka. Kwenye barafu tupu, izime.

Mwongozo wa leseni ya magari makubwa unasema punguza theluthi moja ya mwendo kwenye barabara iliyolowa, nusu au zaidi kwenye theluji iliyoshindiliwa, na kwenye barafu tambaa ukitafuta pa kusimama. Mwongozo huo huo unatoa futi 419, yaani takriban mita 128, kuwa umbali mdogo kabisa wa kusimama kutoka kilomita 88 kwa saa kwenye lami kavu. Barafu huuzidisha mara kadhaa. Hapa ndipo mzigo mzito unapodanganya. Wakati wa kuondoka unakusaidia, lori linashika, dereva anajenga imani. Kisha taa nyekundu za mbele zinawaka na uzito ule ule unakataa kusimama. Lori tupu lina tabia tofauti: linateleza mapema na kukuonya mapema, lakini upepo unaweza kulibeba. Kwenye barabara kuu ya I-80 kati ya Laramie na Rawlins, Wyoming, hasa karibu na Elk Mountain, barabara hufungwa kwa magari marefu kwenda juu yenye mzigo mwepesi hata siku ya jua. Katazo hilo likitangazwa na tela lako ni tupu, simama.

Jifunze kusoma barabara. Tazama maji yanayorushwa na matairi ya gari la mbele. Lami ikionekana imelowa lakini maji yameacha kuruka, umeshaingia juu ya barafu. Gusa ukingo wa mbele wa mkono wa kioo chako cha pembeni ukisimama: ukikuta ganda la barafu, ujue barabara nayo inapata ganda hilo. Madaraja huganda kwanza kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini yake. Na usidhani baridi kali ndiyo mbaya zaidi. Barafu iliyo karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake na huteleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini. Chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani hupoteza nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo barabara iliyokuwa tope saa kumi jioni inaweza kuwa kioo saa mbili usiku.

Taa za LED hazitoi joto la kuyeyusha theluji. Baada ya saa moja ya theluji mbichi, za nyuma zinakuwa zimefunikwa na hujui. Simama mahali salama uzifute.

Ukifunga breki na kuona kwenye kioo tela likitoka upande, achia breki. Magurudumu ya tela yakianza kuzunguka tena yatajipanga nyuma yako. Kukanyaga zaidi ndiko kunakomaliza mambo. Ikiwa kinachoteleza ni kichwa, ondoa mguu kwenye mafuta na breki, geuza usukani kuelekea unakotaka kwenda, na uwe tayari kuurudisha mara moja. Kufuli ya difu, inayolazimisha magurudumu ya kuendesha yazunguke pamoja, hufungwa lori likiwa limesimama au likitambaa bila gurudumu kuzunguka bure. Ukiifunga magurudumu yakiwa yanachapa hewani utavunja gia za ndani. Ukishapita sehemu mbaya, ifungue, maana inaathiri uwezo wa kukata kona.

Kuhusu cheni, Colorado iko wazi: kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, lori la biashara kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison lazima libebe cheni, hata kama anga ni buluu. Sheria ya kuzifunga ikitangazwa na wewe hukufunga, faini ni zaidi ya dola 500. Ukikwama na kuziba barabara, inapita dola 1,000. California hutumia ngazi za masharti ya cheni, R1 hadi R3, na kilele cha Donner kwenye I-80, mita 2,206 juu ya bahari, ndipo wengi hukutana nazo. Kila jimbo lina idadi yake ya cheni na magurudumu yanayotakiwa kufungwa, kwa hiyo soma sheria za njia yako yote kabla ya kuondoka.

Fanya mazoezi ya kuzifunga mchana, pakavu, kabla ya msimu. Cheni ya tairi moja ina uzito wa kilo 25 hadi 35, na vidole vilivyokufa ganzi havijifunzi kitu. Itandaze chini kwanza uondoe mafundo. Ining'inize juu ya tairi, ncha za kulabu za pingili zikitazama nje ili zisikwaruze mpira, na vikazio viwe upande wa nje. Sogeza lori kidogo ili ncha zikutane mahali unapofikia. Funga ndani kwanza, kwa nguvu zako zote, kwa sababu ndani hakuna kikazio. Kisha nje, kisha geuza vikazio kwa spana yake, kisha kamba za mpira juu ya uso wa tairi. Endesha mita mia chache, simama, kaza tena. Wanaoruka hatua hiyo ya mwisho ndio ambao cheni hukatika na kung'oa bomba la upepo. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Ukifika lami tupu, zivue. Lami inazila na zinaila. Na wakati wote wa kufunga, vaa fulana inayong'aa na usimpe mgongo mtu anayekuja: dereva aliyeshindwa kusimama anaelekea pale ulipo wewe.

Kwenye mlima, mpe wa mbele nafasi ya kutosha ili akikwama usilazimike kusimama nyuma yake. Chagua gia kabla ya kuanza kupanda. Kubadilisha gia katikati hukata nguvu na kuirudisha ghafla, na hapo magurudumu huanza kuzunguka.

Halafu inakuja simu ya ofisi. Mzigo unasubiriwa, mteja amekasirika, na msimamizi anauliza kwa nini wenzako wanatembea. Shinikizo hili limewatia wengi mtaroni, na ni vigumu kulikataa ukiwa mgeni kazini na una deni la nyumba. Ijue sheria. Kanuni ya shirikisho 392.14 inasema hali ikiwa ya hatari vya kutosha, gari lisimamishwe hadi liweze kuendeshwa salama. Kanuni nyingine, 390.6, inakataza kumlazimisha dereva kuvunja kanuni hizo kwa vitisho vya kazi au malipo. Wajibu kwa maandishi: mahali ulipo, hali ya barabara kutoka 511 (huduma ya taarifa za barabara), na saa utakayoangalia tena. Kuna pia nyongeza ya hadi saa 2 za kuendesha kwa hali mbaya ya njiani, lakini ni kwa hali ambayo haikujulikana wala kutarajiwa ulipoanza siku. Dhoruba iliyotangazwa tangu jana haihesabiki.

Tafuta maegesho mapema, saa za alasiri. Kilomita za mwisho kabla ya kusimama, gusa breki taratibu mara kadhaa ili viatu vya breki na dramu vikauke. Zikifungwa zikiwa na maji, asubuhi viatu vinakuwa vimegandamana na dramu. Mahali tambarare, ukiwa umeweka kabari kwenye magurudumu, unaweza kuvuta kitufe cha njano cha breki za maegesho kisha ukasukuma chekundu cha upepo wa tela, breki za tela zibaki wazi wakati kichwa kimefungwa. Matairi yenye joto huyeyusha theluji na kuzama. Baada ya nusu saa sogeza lori mbele kidogo ili lisigandie kwenye shimo lake.

Asubuhi, ondoka taratibu ukitazama kioo. Gurudumu la tela lisilozunguka litasagwa upande mmoja ndani ya mita chache, na tairi hilo halifai tena. Rudi nyuma kidogo, nenda mbele kidogo. Likikataa, weka kabari kwanza, achia breki, kisha gonga dramu na viatu kwa nyundo. Moto wa gesi uache: kuna mipira na mabomba pale.

Ukilazimika kulala barabara ikiwa imefungwa, toka kila baada ya muda uondoe theluji kwenye bomba la moshi, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua usingizini. Ndani ya kabini kuwe na maji, chakula kisichohitaji kupikwa, mfuko wa kulalia wa baridi kali, koleo, mchanga, tochi, glavu jozi mbili zisizopitisha maji na dawa zako za siku kadhaa zaidi. Simu iwe imejaa chaji. Usiliache lori kwenda kutafuta msaada kwa miguu kwenye dhoruba.

Ukifika, usifungue milango ya tela yote kwa mpigo. Mzigo uliosukumwa na breki za njiani unaweza kuwa umeegemea mlango. Fungua mmoja huku umesimama nyuma ya mwingine. Mbele ya gati la kushushia, mwaga chumvi au mchanga chini ya matairi na uweke kabari, kwani folklifti ikiingia na kutoka inaweza kulisukuma lori mbele kwenye barafu na kuacha pengo. Kabla ya kuondoka, suuza cheni kwa maji kuondoa chumvi, zikague pingili moja moja, na ile iliyolika nusu ibadilishwe sasa ukiwa kwenye uwanja wenye taa.